Umeacha Ulokole, Ulokole Haujakuacha

Desemba ikielekea ukingoni, mabasi ya kutoka Dar es Salaam hushusha Moshi watu wa kila namna, na miongoni mwao yumo kijana mmoja ambaye karibu kila ukoo wa Kichagga unaye. Sekondari alikuwa mlokole, Mkristo aliyeokoka, na kiongozi wa UKWATA, umoja wa wanafunzi Wakristo. Alifunga siku tatu kavu, alikemea mapepo bwenini usiku wa manane, na likizo moja alimwambia shangazi yake mbele za watu kwamba zile hereni zitampeleka motoni. Sasa ana miaka thelathini na kitu, ana kazi inayoeleweka, na dini ameiweka kando. Ndafu inaletwa, baba mkubwa anasimama kuombea chakula, wote wanafumba macho. Yeye amekaa anachezea simu, uso ameukaza, maana kuinamisha kichwa nusu dakika kungekuwa kushiriki uongo. Jioni, wakiwa migombani na binamu zake, atawaeleza kwamba waliobaki kanisani ni wa aina mbili tu: wajinga na wanafiki.

Shangazi wa hereni, ambaye bado anaimba kwaya, humaliza mjadala kwa maneno machache: "Huyu hajabadilika hata kidogo."

Shangazi ana hoja, na ndiyo ninayotaka kuifungua. Mtoto aliyelelewa katika dini kali hupewa vitu viwili kwa pamoja. Cha kwanza ni mafundisho yenyewe: Mungu ni nani, dhambi ni nini, nani ataokolewa. Cha pili ni namna ya kuyashika mafundisho hayo: kila jambo lina pande mbili tu, mwenye shaka ameshapotea nusu, asiye wetu ni adui yetu. Mafundisho mtu anaweza kuyaacha hata kwa mwezi mmoja wa kusoma na kukosa usingizi. Namna ya kuyashika haiondoki hivyo. Inabaki pale pale ikingoja mafundisho mengine, kama daladala iliyopigwa rangi ya njia nyingine: abiria ni wapya, kituo ni kipya, injini na dereva ni walewale.

Niseme mapema kwamba simtoi mtu kanisani wala simrudishi. Kati ya watu ninaowafahamu waliovuka fikra hizi wakatulia, mmoja hasali popote na mwingine ni mchungaji.

Akili inayotaka jibu moja

Aaron Beck, daktari wa magonjwa ya akili wa Philadelphia nchini Marekani, alianza miaka ya 1960 kusikiliza kwa makini sentensi ambazo wagonjwa wake wenye sonona walijiambia kimoyomoyo. Aliona zinafuata mikondo inayojirudia, na mmojawapo ni huu wa kuugawa ulimwengu mafungu mawili: nimefaulu au mimi si kitu, ananipenda au ananichukia, nimekuwa msafi au nimechafuka. Kutokana na kazi yake ikazaliwa tiba ya mazungumzo inayotumika sana leo, ile inayomfundisha mtu kuyakagua mawazo yake kabla ya kuyaamini. Beck hakuwa akichunguza dini. Watu wa imani zote, na wasio na imani, hujigawa hivyo wanapoumia.

Mtoto mdogo naye hufikiri hivi, na hana kosa. Wa miaka mitano atakuuliza simba ni mzuri au mbaya. Mweleze kwamba simba akila swala anatafuta chakula tu, atakusikiliza hadi mwisho kisha aulize tena: sasa ni mzuri au mbaya? Umri ukisogea, kati ya mbaya na mzuri huota ngazi zake zenyewe. Kwa hiyo malezi makali hayamletei mtoto fikra hizi. Yeye huja nazo. Yanachofanya ni kumzuia asizivuke, kwa kuweka adhabu kwenye kila ngazi. Anayeuliza "je, kama..." anaambiwa huo ni mlango wa shetani. Akiambiwa hivyo mara kadhaa haulizi tena, na baada ya miaka swali lenyewe halimjii.

Kuna mwanasaikolojia mwingine ambaye wenye historia hii wangefaidika kumjua, Arie Kruglanski, aliyetumia miongo kadhaa kuchunguza hamu ya binadamu ya kupata jibu la mwisho, lolote lile, mradi jambo lifungwe. Yeye na wenzake walionyesha kwamba hamu hiyo hupanda mtu akiwa amechoka, anaharakishwa, au yuko kwenye kelele. Hapo linaelezeka jambo ambalo wengi hulionea aibu. Mchana, ofisini Arusha, mtu anafikiri kwa utulivu kabisa. Saa nane za usiku, mtoto ana homa, au wamerudi kutoka msibani, akili inakimbilia kulekule: ninaadhibiwa, nilimwacha Mungu, sasa nimepata. Hajarudi popote. Amechoka, na akili iliyochoka hushika njia inayoijua zaidi.

Wala tusijifanye kwamba namna hii ya kufikiri haina faida. Waulize akina mama wa Machame au Old Moshi ambao waume zao waliacha pombe walipookoka. Mwanamume ambaye glasi moja humpeleka hadi asubuhi hafaidiki na mafundisho ya kiasi. Kinachomwokoa ni mstari mnene chini, hapa hapana kabisa. Ada zililipwa, mbao za nyumba zilinunuliwa. Anayeandika juu ya walokole bila kutaja hilo anasimulia nusu ya habari.

Jinsi ilivyojengwa mlimani kwetu

Wamisionari Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu walianza kazi Kilema mapema katika miaka ya 1890, na Walutheri wa misheni ya Leipzig, Ujerumani, wakaanza Machame mwaka 1893. Mlima Kilimanjaro ukagawanyika. Kilema, Kibosho na Rombo zikawa za Wakatoliki kwa sehemu kubwa; Machame, Marangu na Old Moshi zikawa za Walutheri. Shule na zahanati zilifuata mgawanyo huo, hata wachumba. Bibi zetu wengi walikua wakijua kwamba ng'ambo ya mto kuna watu wema wenye mashamba mazuri ambao wokovu wao una walakini.

Juu ya hayo ukaja Uamsho, uliowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukasambaa Uganda, Kenya na Tanganyika. Watu walitubu hadharani, wakarudisha walivyoiba, wakaitana ndugu bila kujali kabila. Mengi yake yalikuwa mazuri. Lakini uliacha pia mtindo wa kusimulia maisha, ambao baadaye makanisa ya Kipentekoste na vikundi vya wanafunzi waliuchukua na kuupa vipaza sauti. Mtindo huo ni ushuhuda, na kwa maoni yangu umetufundisha kufikiri kuliko mahubiri yote.

Kila aliyewahi kukaa kwenye mkutano wa injili anaujua. Bwana Yesu asifiwe! Amina. Zamani nilikuwa hivi na hivi, gizani, pombe, waganga. Kisha ikaja siku, yenye tarehe yake na mahali pake. Sasa niko nuruni na sirudi nyuma. Katika umbo hilo hana nafasi anayebadilika polepole. Hakuna pa kuweka jema lililokuwamo katika zamani, wala baya lililomo katika sasa. Kijana wa nyumba ya mzee wa kanisa, asiyewahi kuonja hata mbege, pombe yetu ya ndizi, hulazimika kutafuta giza la kushuhudia. Nimewasikia watoto wa darasa la saba wakiungama maisha ya anasa ambayo mtu mzima angehitaji mshahara wa mbunge kuyaishi. Na anayepunguza kasi hupewa moja ya hukumu tatu: amepoa, amerudi nyuma, ameanguka. Kwamba pengine anafikiri tu, hilo halimo.

Anayejaribu kusimama katikati anangojewa na Ufunuo sura ya 3, pale kanisa la Laodikia linapoambiwa kwamba kwa kuwa ni vuguvugu, si moto wala si baridi, litatapikwa. Mahubiri ya mstari huo tuliyasikia hadi tukayakariri. Moto ni waliookoka, baridi ni watu wa mataifa, vuguvugu ni wewe unayeimba kwaya huku unasikiliza Bongo Fleva.

Wataalamu wengi wa Agano Jipya wanausoma vingine. Jirani na Laodikia kulikuwa na Hierapoli, yenye chemchemi za maji moto ambako watu walikwenda kuoga wapate nafuu. Mahali hapo leo panaitwa Pamukkale, nchini Uturuki. Upande mwingine kulikuwa na Kolosai, yenye maji baridi mazuri ya kunywa. Ya moto yalifaa, ya baridi yalifaa. Laodikia yenyewe ilitegemea maji ya kuvutwa kwa mfereji kutoka mbali, yakifika hayafai kuogea wala kunywa. Kwa usomaji huo linalolaumiwa ni kanisa lisilomfaa mtu yeyote, na baridi haiwezi kuwa ukafiri, maana maandiko yenyewe yanasema heri ungekuwa baridi. Basi mstari uliotumika miaka yote kuwatisha watu wa katikati haukuwa unawazungumzia. (Sisi wa Kilimanjaro tungepaswa kushtuka mapema. Rundugai, wilayani Hai, kuna chemchemi inaitwa Chemka, wengine wanaiita Maji Moto, na maji yake ni vuguvugu tu. Jumapili ibada zikiisha, hapatoshi.)

Ushuhuda uliogeuzwa

Sasa mtu huyu anakua, na siku moja jengo linapata ufa. Pengine ni chuoni, pengine ni mtoto wake aliyeombewa akafa, pengine ni mtumishi aliyekutwa na fedha za sadaka. Kitu cha kwanza anachokifanya, kwa sababu ndicho pekee alichofundishwa, ni kutoa ushuhuda mwingine. Zamani nilikuwa gizani mwa dini. Kisha nikasoma, nikafunguka macho. Sasa niko huru na sirudi nyuma.

Umbo ni lilelile, hata kiitikio. Wapo wanaohamia kwenye kutoamini chochote wakakuhubiria kwa jasho. Wapo wanaokimbilia mila za asili wakaapa kwamba kila alichokuja nacho mzungu ni sumu, isipokuwa simu wanayoapia. Wapo wanaohamia kwa wahamasishaji wa utajiri, ambako maskini ni mvivu, kama vile kule walikotoka mgonjwa alikuwa amekosa imani. Rafiki asiyekubali anakatwa. Aliyekubali jana ni ndugu.

Sidhani ni unafiki. Nadhani ni kukwepa msiba. Ukisema kwamba kanisa lilikuumiza tu, huna cha kulilia. Umetoka jela, basi. Kazi nzito ni kukubali kwamba walewale waliokutisha na moto ndio waliokufundisha kuimba sauti nne, ndio waliochanga ada mwaka ule baba alipopunguzwa kazini, ndio waliokaa na mama yako hospitali ya Mawenzi usiku kucha. Marsha Linehan, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeunda tiba kwa ajili ya watu ambao hisia zao hurukia pande za mwisho, aliweka zoezi hili katikati ya kazi yake: kushika kweli mbili zinazopingana bila kuitupa mojawapo. Baba alinipenda, tena alinitisha. Ukiweza kutamka sentensi hiyo bila kuharakisha kuongeza ipi ina uzito zaidi, umefika mbali.

Wengine hawageuzi ushuhuda; wanaishi sura mbili, ya Jumapili Moshi na ya Ijumaa Arusha, na hawa ni wengi kuliko tunavyokiri. Siwalaumu. Kwa msichana ambaye ada yake ya chuo inatoka kwa baba mzee wa kanisa, sura mbili ni busara kwa muda.

Lakini wapo ambao imani imeondoka na hofu imebaki. Mtu mzima, ana shahada, anarudi nyumbani mtaa wa Sakina, Arusha, anakuta mlango wazi, redio inaongea, hakuna mtu. Moyo unaruka: unyakuo umepita, Yesu amewachukua walio wake, nimeachwa. Halafu mkewe anatokea kwa jirani na bakuli la chumvi. Mafundisho ya unyakuo wa siri kwa namna tuliyoyajua sisi yalienezwa na mhubiri John Nelson Darby huko Uingereza na Ireland kuanzia miaka ya 1830, na Walutheri wa Leipzig hawakuyaleta mlimani. Yaliingia baadaye kwa mikutano, vijitabu na kanda. Kuijua historia hiyo husaidia kichwa. Mwili hausomi historia. Ulifundishwa kushtuka ukiwa na miaka saba, na utashtuka hadi ufundishwe upya, taratibu, kwa kuona mara nyingi kwamba nyumba tupu ni nyumba tupu tu.

Mwaka 2011 mwanasaikolojia Marlene Winell, naye wa Marekani, alipendekeza jina la kitaalamu kwa mkusanyiko wa dalili za wanaotoka kwenye dini za kutisha: ndoto mbaya, hatia isiyo na sababu, kushindwa kuamua, upweke. Halijaingia kwenye orodha rasmi za magonjwa. Hofu inayomtesa mtu kila siku inatibika hata bila jina hilo, na hospitali za KCMC au Mawenzi, Moshi, utakuta madaktari wanaohusika na akili. Nalitaja hili kwa sababu aliyekulia kwenye maombezi huona kwenda huko ni kukiri kwamba ana pepo, au kwamba hana imani, na akishaacha dini huona ni kukiri kwamba hajaiacha.

Katikati nako kuna mitego

William Perry wa Chuo Kikuu cha Harvard alichapisha mwaka 1970 matokeo ya mahojiano na wanafunzi, karibu wote wanaume, aliowafuatilia mwaka baada ya mwaka. Walianza wakiamini kwamba kila swali lina jibu sahihi na profesa analo. Walipoona maprofesa wanapingana, wengi wakaanguka upande wa pili: basi hakuna sahihi, kila mtu na lake. Perry aliona kwamba hicho ni kituo cha njiani. Mbele yake kuna kutambua kwamba majibu hayalingani nguvu, kwamba yana ushahidi na sababu za kupimwa. Na mbele zaidi kuna mtu anayechagua, akasimama na alichochagua, huku akijua angeweza kukosea.

Waliotoka kwenye dini kali hukwama sana kwenye kila mtu na lake. Ni mahali pazuri pa kupumzika, hakuna anayekuhukumu. Lakini ni pande mbili zilezile kwa mlango wa nyuma: ama uhakika wote, ama hakuna uhakika wowote. Na maisha hayatakuacha hapo.

Kumbuka mwaka 2011, Samunge, Loliondo. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, alikuwa akitoa kikombe cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500, na foleni ya magari ikafika kilomita nyingi porini. Mijadala ya wakati ule ilikuwa na kambi mbili: ni mtume wa Mungu, au ni tapeli. Ukitulia unaona maswali yalikuwa zaidi ya mawili. Je, mzee mwenyewe aliamini alichokisema? Inawezekana kabisa. Bei ile ilikuwa ya mtu anayetafuta utajiri? Kwa mgonjwa mmoja, haionekani hivyo. Je, watu walipata faraja? Wengi walisema walipata. Je, kikombe kiliponya UKIMWI na kisukari? Hakikuponya, na wapo walioacha dawa zao kwa kukitegemea. Hilo la mwisho halina kila mtu na lake. Anayefikiri kwa ngazi anaweza kumheshimu mzee, kumwelewa aliyesafiri siku mbili na mgonjwa wake, na bado akasema bila kumung'unya: usiache kumeza ARV.

Vivyo hivyo kwa mtoto aliyechapwa hadi kuvimba kwa jina la Biblia. Kuelewa kwamba baba naye alichapwa hivyo kunaeleza. Hakuhalalishi.

Vilivyokuwa kabatini siku zote

Linalonishangaza zaidi ni kwamba dini zetu zenyewe zina zana za kutosha za kufikiri kwa ngazi, na watoto wake hawakuonyeshwa. Martin Luther, kabla ya kuwa jina kwenye vitambulisho vya wanakipaimara, alikuwa mtawa kijana Erfurt anayekaa kwenye maungamo saa nyingi mfululizo, akitoka anakumbuka dhambi nyingine, anarudi. Mkubwa wake, Johann von Staupitz, alichoka naye. Leo daktari angeijua hali hiyo. Na alikofika mtu huyo baada ya mateso yale ni fundisho kwamba Mkristo ni mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati mmoja, yote mawili, hadi kufa. Hebu lipime fundisho hilo na ushuhuda wa zamani gizani, sasa nuruni. Havilingani. Katekismo Ndogo ya mwaka 1529, ileile tuliyokariri kwa kuogopa fimbo, inaeleza amri ya nane kwa kututaka tumtetee jirani na kuyachukulia mambo yake kwa maana iliyo njema zaidi. Nani aliwahi kuhubiriwa hilo kwa sauti ya unyakuo?

Walutheri wa karne ya 16 waligombana vikali juu ya mavazi na taratibu za ibada, na mwaka 1577 wakaandika kwamba yapo mambo ambayo Mungu hakuyaamuru wala hakuyakataza. Wakatoliki wanatofautisha dhambi ya mauti na dhambi nyepesi. Waislamu wana ngazi tano kamili, faradhi, suna, mubaha, makuruhu na haramu, na mtoto wa madrasa Moshi mjini anaweza kukuambia kitunguu kibichi kabla ya kwenda msikitini kinaangukia wapi. Nao Waislamu wana wahubiri wao wanaozipunguza ngazi tano ziwe mbili. Tatizo halina dhehebu.

Mlimani kwetu alikuwepo Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri aliyefanya kazi Kilimanjaro, kwa muda mrefu Old Moshi, kati ya mwanzoni mwa karne ya 20 na 1938. Wenzake wengi waliona mila za Wachagga kama giza la kufutwa. Yeye aliandika maelfu ya kurasa kuhusu sheria na desturi zao, akashikilia kwamba ukoo, ujirani na rika ni vifungo ambavyo kanisa lijengwe juu yake. Alikuwa na mapungufu yake, hasa hofu ya kila kilichonuka mji na usasa. Lakini mjukuu wa Kichagga anayeambiwa leo kwamba jani la isale la kuombea msamaha ni ushirikina ana haki ya kujua kwamba ubishi huo haukuanza naye.

Na kuhusu ng'ambo ya mto: tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Ujerumani, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Kilutheri Duniani walitia sahihi tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki, yaani jinsi mwenye dhambi anavyokubaliwa na Mungu, fundisho lilelile lililowatenganisha tangu siku za Luther. Mabinti wangapi wa Marangu walizuiwa kuolewa Kilema kwa sababu ya jambo ambalo wakubwa walikuja kukubaliana kwamba wanaweza kulisema pamoja?

Kazi ya mikono

Zoezi moja linalotumika katika tiba iliyotokana na Beck ni rahisi kufanywa nyumbani. Chora mstari, mwisho mmoja sifuri, mwingine mia. Sifuri ni mtu mbaya kuliko wote. Binti aliyekunywa mbege kwenye harusi ya binamu na sasa halali kwa hatia atajiandika kumi. Sawa. Sasa mweke kwenye mstari uleule mhazini wa VICOBA aliyetoroka na fedha za akina mama. Mweke mwanamume anayempiga mkewe kila mshahara ukitoka. Mweke anayeuza watoto. Mstari utajaa chini, na yule binti italazimu apande mwenyewe, kwa mkono wake. Sijaona hotuba inayofanya kazi hiyo.

Tukija kwa wazazi, swali wanalotuuliza kwa simu ndilo gumu. "Marahaba mwanangu. Jumapili mlisali wapi?" Limeumbwa kujibiwa kwa ndiyo au hapana, na wengi wetu huchagua kati ya kudanganya na kuanzisha vita. Mama mara nyingi anauliza kama uko salama, kwa lugha pekee ya usalama aliyonayo. "Hatukusali, mama. Sote wazima, na Jumamosi tulimpelekea jirani mgonjwa chakula." Atanyamaza, huenda akaguna. Usijaze ukimya huo na maelezo.

Wengi wa kizazi hiki sasa wana watoto. Bibi amekuja kwenu Njiro, Arusha, kukaa mwezi, na mtoto wa miaka sita anakufuata jikoni: "Bibi amesema mama Zuhura ataenda motoni. Ni kweli?" Aliyegeuza ushuhuda atamjibu kwamba bibi ni mshamba, na mtoto atakuwa amerithi injini ileile, kundi la wabaya likiwa limehamia kwa bibi. Mwoga atamwambia akanawe mikono. Mimi ningemwambia: bibi anaamini hivyo kwa sababu ndivyo alivyofundishwa, mimi siamini hivyo, na mama Zuhura ni mtu mwema. Atauliza nani kati yenu anasema kweli. Mwambie wazi unavyoona wewe, kwa kuwa wa miaka sita anataka jibu la kulala nalo; akifika kumi na mbili mtaongeza ngazi. Mwambie pia asimbishie bibi mezani. Kisha, mtoto akishalala, kaa na mama yako, mpe chai, umwombe kwa adabu zote aache kumsimulia mjukuu habari za moto. Akikataa, mwombe tena kesho yake.